Paka Slabu Ikiwa Bado Nzima

Haya ni maneno niliyoongea kwa mkutano wa landilodi na mafundi hapa Kisumu. Wengi waliomba niyaandike ndo wawatumie wenzao ambao hawakufika, basi nimeyaweka vile yalitoka mdomoni, nimetoa tu kelele za maiki.

Wazee wangu hamjambo, mama zangu hamjambo. Mafundi wenzangu nawaona mmejazana huko nyuma karibu na mlango, songeni mbele, leo hakuna landilodi atawashika.

Nimeitwa niongee kuhusu hizi rangi za kupaka juu ya slabu, hili paa letu la zege, ndo isivuje. Mvua yetu hapa mnaijua haina adabu, jua linapiga mchana kutwa, jioni wingu linajikusanya upande wa ziwa, usiku inashuka yote kwa mpigo mmoja, na hata hujalala vizuri simu inalia, "mzee, maji inaingia kwa kitanda". Kesho yake unaenda hadwea, unauliza dawa ya kuziba, unauziwa ndoo moja, kijana anapanda na brashi anapaka pale anadhani ndo panavuja, alafu mvua inapumzika wiki mbili na wewe unasema imepona. Yawa, haijapona, haijanyeshewa tu.

Mimi leo niko na jambo moja, na yule anapanga kusinzia alibebe saa hii: hiyo rangi ni ya kulinda slabu ambayo bado iko sawa. Slabu ikishaanza kutema plasta huko chini kwa silingi, kazi ya kwanza si ya rangi tena, na ndoo utakayomwaga juu yake ni pesa umemwaga. Unafaa kupaka wakati hakuna mtu analalamika. Na hapo ndo pagumu, najua, maanake nani anataka kutoa pesa na simu imenyamaza?

Wacha nieleze vile slabu huharibika, ndo tusiongee kama watu wa kuuza ndoo. Zege ikikauka hubaki na vitundu vidogo sana ndani yake, macho hayaoni lakini maji yanaona. Tena slabu hulala kwa jua. Kisumu tuko karibu kabisa na ikweta, tuko mita 1,100 na kitu juu ya bahari, jua linashuka wima, slabu inachemka inapanuka, alafu mvua baridi inaipiga jioni inajikunja ghafla. Kila siku hivyo, mwaka baada ya mwaka. Nakuru wako juu zaidi, mita 1,850 hivi, usiku kwao ni baridi kuliko hapa, kwa hivyo nao slabu yao haipumziki. Hizo nyufa ndogo ndogo zinatoka hapo, na nyingine zimezaliwa na fundi mwenyewe, maanake alimwaga zege saa sita mchana kisha hakuimwagia maji zile siku za kwanza.

Sasa ndani ya slabu kuna vyuma. Simenti mpya ni kali, ndo maana inawachoma vijana mikono, na huo ukali ndo hulinda chuma kisipate kutu. Lakini hewa ya kaboni inaingia pole pole kwa vile vitundu na nyufa inamaliza ukali, safari ya kutoka nje hadi kwenye chuma inachukua miaka mingi kama zege ilikuwa nzuri na miaka michache kama ilikuwa mchanga mtupu. Ukali ukiisha na maji yakifika, chuma kinaanza kutu, na kutu inataka nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, mara mbili na zaidi, kwa hivyo inasukuma zege mpaka kipande kinaanguka kwa sufuria ya mtu. Hapo sasa ni kubomoa pale palipooza, kusugua chuma mpaka king'ae, kukipaka dawa ya kutu, kujaza upya na simenti ya ripea, na kama chuma kimekonda unaita injinia, huiti mtu wa rangi. Ukipaka juu bila kufanya hivyo umefunika tu kidonda.

Alafu kuna hii tabia yetu. Tembea Nyalenda, Manyatta, Migosi, panda hadi Mamboleo, angalia juu. Kila ploti ya gorofa imeacha vyuma vya nguzo vimesimama, vinangoja gorofa ya tatu ambayo pesa yake bado Mungu anaipanga. Sikatai, mimi pia ni mtu wa hapa, mtu anajenga vile anapata. Lakini kila chuma hapo ni njia ya maji, yanateremka na chuma yanaingia moja kwa moja kwenye nguzo, na hiyo gorofa ya tatu siku itakuja itasimama kwa chuma kimeliwa. Hivyo vyuma vizungushie boksi, vimwagie zege dhaifu isiyo na simenti nyingi, ile utaweza kuvunja baadaye, uilaze kichwa chake ndo maji yasikae, alafu ule mpako wako wa slabu upande na hiyo nguzo fupi angalau sentimita 15. Ni kazi ya siku moja. Watu wanaruka hii kitu kabisa, wanapaka rangi nyeupe safi mpaka inawaka, na katikati wamewacha mashimo nane yenye vyuma.

Tuje kwa mteremko. Paa la kubapa halifai kuwa bapa, jina ndo linatudanganya. Vitabu vya wahandisi vinataka maji yashuke angalau moja kwa 80, yaani kwa mita 10 upande mmoja uwe chini kwa sentimita 12 na nusu, na ndo uipate hiyo wanasema uchore moja kwa 40, sentimita 25, maanake mkono wa fundi si rula. Sentimita moja ya maji ikitulia kwa slabu ya mita 100 mraba hiyo ni tani nzima imekaa juu ya wapangaji. Ukipanda siku mbili baada ya mvua na bado kuna dimbwi, una shida ya mteremko, na kwetu hapa msimu wa mvua hizo siku mbili kavu hata huzipati, dimbwi linaongezewa kila jioni, mbu wanazaana hapo, kisha tunashangaa malaria imetoka wapi. Dimbwi unalimaliza kwa skridi mpya, lile tabaka la simenti na mchanga la juu ya slabu, yenye mteremko kuelekea tundu la maji, hiyo iende kwanza, mpako ufuate. Na tundu lenyewe lisiwe moja tu. Moja likizibwa na karatasi ya mkate, ukuta wa parapeti, ule mfupi wa kuzunguka paa, unageuza paa kuwa tangi. Toboa parapeti uweke bomba la dharura juu kidogo ya tundu la kawaida, ndo siku ya kuziba maji yatoke nje na kila mtu aone.

Sasa aina za mipako, maanake hapo ndo watu wa hadwea wanatumaliza.

Ile nyeusi ya lami ya kwenye ndoo, ya bei nafuu, ilitengenezewa sana msingi na kuta za chini ya ardhi, mahali jua halifiki. Ukiipaka juu wazi, jua letu linaikausha, inakuwa ngumu, inapasuka vipande vipande, na zaidi ya hapo nyeusi inavuta joto. Mtu akikwambia hiyo ndo itamaliza shida ya slabu yako muulize kama atalala chini yake.

Membreni ya kuchoma na gesi ni lami pia lakini imeongezwa plastiki ndani na kitambaa katikati, inakuja roli la mita moja kwa mita 10, unene milimita 3 au 4. Hiyo ni kazi ya maana ikichomwa na mtu anaijua. Mipaka yake inalaliana sentimita 10 pembeni na 15 mwishoni, kwa hivyo roli la mita 10 mraba linakupa karibu mita 9 mraba tu, fundi akikupigia hesabu ya 10 ujue ama hajui ama ana mpango wa kunyima mipaka. Na hii pia inataka kivuli chake, ama iwe na vijiwe vidogo juu kutoka kiwandani, ama uipake rangi ya fedha ya alumini baadaye. Watu wengi hukomea hapo kwenye nyeusi. Hiyo rangi ya fedha si urembo, ndo inazuia jua lisile lami, na ikififia unarudia, bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kung'oa membreni yote.

Kuna akriliki, hii nyeupe ya maji. Hii naipenda kwa ploti ndogo maanake haina gesi haina thina, kijana akifundishwa vizuri anaiweza, inanyumbuka slabu ikipanuka, na ni nyeupe. Huko Marekani wizara yao ya kawi inasema paa la kawaida linaweza kufika nyuzi 65 na zaidi jua likiwaka, na lile la kuakisi mwanga linaweza kuwa chini kwa nyuzi 28 hivi. Wale wapangaji wako wa gorofa ya juu ambao huhama kila Februari wanasema nyumba ni tanuri watakushukuru. Shida yake akriliki haipendi dimbwi, maji yakikaa juu yake siku nyingi inalainika inaachia. Tena hukauka kwa maji kutoka ndani yake kwenda hewani, ikinyeshewa kabla ya kukauka yote inashuka na bomba mpaka kwa barabara, nyeupe kama maziwa, na jirani anapiga picha.

Poliyurethani, mafundi wanaiita pi-yu, hiyo inavumilia dimbwi na inavutika sana, bei yake pia inavutika. Haitaki slabu yenye unyevu hata kidogo, ukipaka kwenye unyevu inatoa malengelenge. Aina nyingine zake jua linazigeuza manjano na kuzichosha, kwa hivyo huwa zinataka koti la juu la kustahimili jua, muulize muuzaji kabla ya kulipa. Silikoni nayo jua na maji haziisumbui, lakini siku utataka kurudia hakuna kitu kingine kitashika juu yake isipokuwa silikoni, umeoa hapo. Na ile inakuja na mfuko wa unga na mtungi wa maji meupe, ya simenti, iko sawa kwa bafu na tangi la zege, kwa slabu wazi haina uwezo mkubwa wa kufunika ufa unaofunguka na kufunga kila siku, ukiitumia juu basi ifunike na skridi.

Sasa hesabu, na hapa naomba hata mafundi mtoe simu mnukuu, maanake pesa nyingi inapotelea hapa. Lita moja ukiitandaza kwa mita moja mraba inakupa unene wa milimita moja ikiwa mbichi. Kama nusu ya hiyo rangi ni maji, ikikauka unabaki na nusu milimita. Haya, fundi amekwambia ndoo moja ya lita 20 itamaliza slabu yako ya mita 100 mraba. Gawanya. Ni sehemu mbili za kumi za milimita ikiwa mbichi, ikikauka ni sehemu moja ya kumi, huo ni unene wa karatasi ya fotokopi! Umefunika nyumba ya mamilioni na karatasi ya fotokopi na unategemea ikae miaka 10. Ukitaka nusu milimita kavu kwa hiyo slabu unahitaji lita 100, ndoo tano, na kwa vile slabu zetu zina mashimo na ukwaru andaa sita. Karatasi ya maelezo ya kampuni inaandika ni lita ngapi kwa mita mraba, iitishe hadwea, kama hawana wapigie waliotengeneza. Na hakikisha unahesabu ndoo zikipanda na zikishuka tupu, simwiti mtu mwizi, nasema tu hesabu. Kuongeza maji kwa koti la kwanza kunaruhusiwa kwa bidhaa nyingine kiasi kidogo kilichoandikwa, kuongeza mpaka rola iteleze yenyewe hiyo ni kazi ya haraka ya mtu anataka kwenda nyumbani.

Kabla ya rola kugusa slabu kuna kazi chafu. Ule ukungu wa kijani na nyasi za kwa kona vyote vitoke, waya brashi, sabuni, maji ya presha kama unaweza, mavi ya ndege yaoshwe, niru, ile simenti laini ya juu, iliyolegea inayolia tupu ukigonga ing'olewe. Slabu mpya ngoja siku 28 ndo uiguse. Kujua kama ya zamani imekauka, kata plastiki angavu sentimita 45 kwa 45, ibandike na tepu pande zote nne, wacha kuanzia jioni hadi kesho yake, masaa 16 na zaidi, ukikuta jasho chini ya plastiki ama zege imekuwa nyeusi hapo, ngoja. Ndugu zetu wa Kakamega hii inawasumbua sana, kule mvua karibu haina likizo, lakini Januari na Februari kuna nafasi, na hata hapa kwetu hiyo ndo miezi ya kufanya hii kazi, kabla ya mvua ya Machi. Watu huja kunitafuta Aprili.

Ufa unaoonekana unaupanua kidogo kwa grainda, unatoa vumbi, unajaza na kitu cha kunyumbuka, si simenti, maanake simenti itapasuka palepale. Kona ya slabu na parapeti ndo hupasuka ya kwanza, hapo ziba na simenti na mchanga iliyolazwa mshazari ndo mpako usijikunje kwa pembe kali, kisha unalaza kitambaa cha faiba ndani ya koti la kwanza likiwa bichi, unapanda na ukuta sentimita 15. Karibu na bomba na kwenye tundu la maji hivyo hivyo, mpako uingie ndani ya tundu, usiishie mdomoni. Praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha, tumia ile kampuni imesema. Alafu makoti angalau mawili, la kwanza unavuta kutoka mashariki kwenda magharibi, la pili kaskazini kwenda kusini, na nunua rangi mbili tofauti, kijivu chini na nyeupe juu, ukiona kijivu kinachungulia umejua wapi aliruka, huhitaji kubishana na mtu.

Saa ya kupaka hapa ni asubuhi umande ukishaondoka, na ikifika saa saba hivi weka rola chini, hiyo mvua ya jioni hatuipangii. Na wale wako karibu na ziwa, siku wale wadudu wa ziwani wametoka kama wingu ahirisha kazi, la sivyo slabu yako itakuwa na ndevu.

Kazi ikikauka kabisa unaweza kuziba matundu ujaze maji sentimita mbili na nusu hadi tano, uache masaa 24 mpaka 48, uende chini uangalie kama inavuja. Lakini sentimita tano ni kilo 50 kwa kila mita mraba, kwa hivyo slabu ya zamani usiyoiamini usijaze, mwagia na bomba sehemu kwa sehemu.

Baada ya hapo paa si uwanja. Mtu wa dishi akija na drili yake anataka bolti nne, mwambie afunge kwa ukuta ama kwa kizuizi cha zege kilichowekwa juu ya pedi. Jiko la makaa lisikanyage hapo. Tangi la lita 10,000 ni tani 10, si swali la rangi hilo, ni swali la nguzo, na stendi yake yenye miguu ya chuma itatoboa mpako kama hujaweka kitu chini. Panda mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, na ufagio na macho, toa taka, osha vumbi ndo nyeupe ibaki nyeupe, pale pamekwaruzwa paka siku hiyo hiyo. Koti la kurudia kwa akriliki watu wengi wanaliweka kati ya miaka 5 na 10, inategemea ulianza na unene gani, na ukiweka kabla la chini halijaisha huhitaji kukwangua chochote, ni kuosha na kupaka.

Garantii pia, naona mzee ananiangalia. Soma imeandikwa nini. Kuna ya bidhaa na kuna ya kazi, kampuni inaweza kukupa ndoo nyingine bure na bado mkono wa kupaka ukalipa wewe. Ya kazi andikishana na kontrakta, iseme wazi atarudi lini na kwa shida gani, na pesa ya mwisho usiitoe kabla ya mvua kubwa moja.

Kuna mama ameinua mkono kitambo. Anauliza, na maji ya mvua yakiteremka kutoka kwa slabu yenye huu mpako, yanaweza kunywewa? Swali zuri kuliko hotuba yangu. Mama, si kila mpako. Wa lami hapana, unaachia rangi na ladha, hayo maji usiyakinge ya kunywa. Hizi nyingine, kuna bidhaa zimepimwa na kupewa cheti cha kugusana na maji ya kunywa na kuna ambazo hazijapimwa, na kwa ndoo zinafanana. Itisha cheti chenyewe, usikubali mdomo. Hata zenye cheti, ngoja zikauke siku zote zilizoandikwa, mvua za kwanza zimwage chini, na uweke ile bomba ya kugeuza maji ya kwanza ya kila mvua, maanake ndege bado wako juu hapo, kisha uyachemshe ama uyatie dawa. Muuzaji akikosa cheti, hayo maji ni ya kufua na ya choo.